Sungura wa Sumbawanga Hakulogwa: Historia ya Watu Wasio na Majina Waliojua Kutunza Majani Mabichi

Picha ni hii. Saa kumi na mbili asubuhi, kata ya Izia, Manispaa ya Sumbawanga, mwezi wa saba, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mtoto katoka na sweta lake anakwenda bandani kumwangalia sungura wake. Anamkuta kalala ubavu, mkavu, tumbo limejaa kama mpira. Jana jioni alikuwa mzima kabisa, kapiga fungu zima la figiri. Kabla hata chai haijachemka majirani wameshatoa hukumu: "Aa, si unajua tena, hapa ndio Sumbawanga."

Huo utani kila Mtanzania mwenye simu anaujua. Ukitaja Sumbawanga tu, mtu anaanza habari za ungo na radi. Kinachochekesha ni kwamba jina lenyewe la mji, kwa maelezo yanayosimuliwa sana, ni la Kifipa na maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji uliokwambia uache ulozi wako mlangoni ndio uliobebeshwa sifa ya ulozi nchi nzima!

Ila kwa kesi ya sungura, mchawi anajulikana. Ana rangi ya bluu au nyeusi, ana mishikio miwili, na Serikali ilimpiga marufuku rasmi tarehe 1 Juni 2019. Kitaa walimwita rambo, wengine malboro. Mfuko wa plastiki.

Ili kuelewa alivyoua, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kwa kweli sio kidogo.

SUNGURA HUYU SIO YULE WA HADITHI

Sungura mjanja wa hadithi za bibi, anayemtapeli fisi na simba, ni mwenyeji wa Afrika. Anaishi porini, hachimbi shimo, analala kwenye nyasi, na ukimfungia bandani hachukui muda anakufa kwa hofu. Huyu wa bandani, mweupe au mwenye mabaka, ni ukoo mwingine. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na hata jina la Hispania kuna wataalamu wanaoamini lilitokana naye: mabaharia wa Kifoinike walifika, wakaona vinyama vimejaa vinachimba mashimo, wakadhani ni pimbi kama wale wa kwao, wakaiita nchi ya pimbi. Walikosea mnyama, jina likabaki.

Warumi wakawa wanawafuga kwenye bustani zenye ukuta. Halafu ipo hadithi maarufu kwamba mwaka 600 Papa alitangaza kitoto cha sungura si nyama, kwa hiyo watawa wakaanza kuwafuga ili wale wakati wa Kwaresma. Hadithi tamu, imo kwenye vitabu vingi tu, lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia nyaraka zenyewe wakakuta ni uongo mtupu. Ukweli hauna sinema: watu wasio na majina waliwafuga kidogo kidogo kwa karne nyingi, mwanzo kwa nyama na ngozi, na ni juzi tu, karne ya 19 huko Uingereza, ndipo sungura akapanda cheo kuwa rafiki wa mtoto.

Afrika Mashariki alikuja na wageni wa Ulaya, wamisionari na walowezi. Kwa upande wa Rukwa, Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa White Fathers kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, waliikabidhiwa ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, baadaye wakapanda juu Ufipa. Bustani ilikuwa sehemu ya maisha ya misheni. Ukitaka ushahidi usiende maktaba, sikiliza majina ya mboga gengeni: kabichi, karoti, saladi, spinachi, chainizi. Yote ni majina yaliyoshuka melini. Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde hayo ndiyo yaliyokuwa na majina yake bila msaada wa mtu.

Halafu ikaja 1967, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, shule ziwe na mashamba na mifugo. Kuna shule zilizofuga kuku, kuna zilizofuga nguruwe, na kuna zilizofuga sungura, maana sungura hahitaji mtaji. Mbao chakavu, wavu, misumari, basi. Mtoto akimaliza darasa la saba anaondoka na ujuzi wa banda hata kama cheti hakusomeki. Ndio maana mpaka leo ukipita uchochoroni Sumbawanga banda la sungura mara nyingi ni mradi wa mtoto, sio wa baba. Baba ana mahindi.

Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtoto hana hela. Chakula cha sungura wake hakinunuliwi saa mbili asubuhi mboga zikiwa freshi zinameremeta. Kinaombwa jioni, gengeni, wakati mama anafunga biashara na yamebaki yale majani ambayo hakuna mke wa mtu aliyeyataka. Tangu zamani sungura ni mlaji wa mwisho. Anakula jani ambalo limeshakaa saa kumi nje ya shamba. Kwa hiyo kuishi kwake hakutegemei sana jani gani amepewa, kunategemea lilipitia wapi katika hizo saa kumi.

MAMA WA GENGE ALIJUA KABLA YA PROFESA

Mwangalie mama wa mboga anavyofanya kazi, popote, Izia au Kariakoo. Anachuma au anafuata mzigo alfajiri, jua halijachomoza. Hapangi mboga juani hata kama uwanja wa juani ndio una wateja, anahangaika na kivuli, mwavuli, turubai, hata kanga iliyofungwa kwenye miti miwili. Mafungu anayasimamisha au anayalaza wima, hayabanani. Kila baada ya muda anachovya mkono kwenye ndoo, anarusharusha maji. Mchana ukichachamaa anafunika na gunia la katani lililolowa.

Ukimuuliza kwa nini, atakwambia zisinyauke. Hilo jibu ni fupi ila limebeba fizikia nzima.

Jani lililokatwa halijafa. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Linaendelea kupumua, linatumia sukari iliyobaki ndani yake, linatoa joto, na linapoteza maji kupitia vitundu vidogo sana ambavyo havionekani kwa macho. Shambani mzizi ulikuwa unarudisha yale maji. Gengeni mzizi haupo. Jani la mboga ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na likipoteza kama asilimia 3 tu ya uzito wake, mboga laini kama spinachi inaanza kulegea na mteja anaipita. Asilimia tatu, aisee. Hiyo ni nusu saa ya jua kali na upepo.

Upumuaji nao una kanuni yake. Mkemia mmoja Mholanzi, ambaye mwaka 1901 alikuja kupewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya kemia, alionyesha kwamba joto likipanda nyuzi 10, mambo ya kikemia yanakwenda kasi mara mbili mpaka tatu. Jani halina ubishi na kanuni hiyo. Jani linalokaa siku nne kwenye nyuzi 10, ukiliweka kwenye nyuzi 20 litakaa mbili au pungufu, ukiliweka kwenye nyuzi 30 utalikuta limekuwa njano kesho.

Sasa weka hapo Ufipa. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 10 au chini yake, wakati Dar usiku uleule linachezea kwenye 20. Yaani mtoto wa Izia kwa miezi miwili mitatu ya mwaka ana friji ya bure yenye ukubwa wa mji mzima, na anachotakiwa kufanya ni kutoyafungia majani ndani karibu na jiko. Mtoto wa Mbagala hana bahati hiyo.

Lakini sungura wa Izia ndiye aliyekufa. Mwezi wa saba. Kwa nini?

CHUNGU LINALOPATA MOTO

Hapa inabidi kwenda shambani, kwa sababu wazee wa Ufipa walikuwa na elimu ya majani ambayo wageni waliandika vitabu kuhusu hiyo. Uwanda wa juu wa Ufipa ni nyasi kwa nyasi, miti michache, na udongo wake ukilimwa hovyo unachoka mapema. Kwa hiyo mvua zinapokaribia kuisha wakulima walikuwa wanageuza ardhi, wanakusanya nyasi mbichi na kuzifukia ndani ya vilima vya duara vya udongo. Shamba zima linajaa vichungu kama makambi ya mchwa. Nyasi zile zikifungiwa humo, bila hewa ya kutosha, zikiwa na maji yake, zinapata joto, zinaoza, zinakuwa mbolea. Vilima vinapandwa maharage, msimu unaofuata udongo unasambazwa na kupandwa ulezi. Watu hao hao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma kwenye tanuru refu kupita kimo cha mtu, majembe wakijitengenezea wenyewe. Hakuna hata mmoja wa wale waliobuni vilima aliyeandikwa jina.

Walichokijua kinaweza kusemwa hivi: majani mabichi ukiyalundika na kuyabana, yanajipika. Ukitaka kuamini, chukua nyasi mbichi zilizofyekwa, zijaze kwenye kiroba, fungua baada ya usiku mmoja, ingiza mkono katikati. Utautoa fasta.

Kwenye kilima cha ulezi huo moto ni baraka. Kwenye chakula cha sungura ni sumu. Na chombo kinachotengeneza kilima kidogo kamili ndani ya nyumba ni mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Mfuko wenye mishikio miwili ulisajiliwa hataza na kampuni ya Kiswidi, Celloplast, mwaka 1965. Ndani ya kizazi kimoja ukawa umefika kila kijiji duniani. Kabla yake mboga ilibebwa kwenye kikapu cha ukindu, kwenye tenga, kwenye kanga, au ikafungwa kwa kamba ya mgomba ikaning'inia mkononi. Vyote hivyo vinapitisha hewa. Hakuna aliyevibuni kwa ajili ya kupitisha hewa, lakini vilipitisha. Rambo haipitishi kitu. Mboga iliyonyunyiziwa maji na mama, ambayo gengeni ilikuwa salama kwa sababu upepo unaipiga, ikiingia kwenye rambo inabadilika kuwa supu. Pumzi ya majani inageuka maji kwenye kuta za mfuko, hewa safi inaisha, bakteria wanafanya sherehe. Mtoto anautundika mfuko kwenye msumari jikoni, mahali penye joto kuliko pote nyumbani msimu wa baridi. Kesho jioni anaufungua, anasikia harufu kama ya pombe ya kienyeji kwa mbali, anajisemea ni figiri tu, anampa mnyama.

Mnyama mwenyewe kaumbwa vibaya kwa ajali hiyo. Sungura hawezi kutapika. Akishameza kameza. Chakula chake kinachachushwa na vijidudu ndani ya mfuko mkubwa ulio baada ya utumbo mwembamba, halafu usiku anatoa vidonge laini anavyovila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma ili apate virutubisho vilivyobaki. Mfaransa mmoja daktari wa mifugo aliliandika hilo mwaka 1882 na watu bado wanakunja pua wakiambiwa. Mfumo huo unakwenda kama saa ilimradi vijidudu visibughudhiwe. Ukimletea majani yaliyokwisha kuchacha, au ghafla ukampa lundo la majani mabichi wakati amezoea nyasi kavu, vijidudu vya ndani vinavurugika, gesi inajaa, utumbo unasimama. Sungura aliyeacha kula kwa nusu siku tayari ni mgonjwa wa dharura. Usiku mmoja wa Julai unatosha kabisa.

Kwa hiyo yule wa mwanzo hakulogwa. Alikula kilima cha ulezi kilichofungwa kwenye plastiki.

Nchi zikaanza kuupiga vita mfuko, ingawa si kwa sababu ya sungura bali mitaro na ng'ombe. Zanzibar ilianza 2006, Rwanda 2008, Kenya ikaingia Agosti 2017 na faini za kutisha, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Ghafla wakatokea wale mifuko ya kitambaa chepesi, hii inayoitwa mbadala, ambayo inapitisha hewa. Hakuna aliyefanya hesabu ya sungura waliopona kwa uamuzi ule, na wala hakuna atakayefanya. Ila vifungashio vile vyepesi vinavyoonyesha ndani viliendelea kuzunguka mitaani, na kiroba cha salfeti kikijazwa mpaka juu na kushonwa mdomo kinafanya kazi ileile ya rambo. Marufuku haikufuta ujinga wa kulundika.

MSHINDI MWENYE JINA

Katika historia hii yote yupo mmoja aliyepata jina, na anastahili. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi. Miaka ya 1990 aliwaona wasichana wanakosa shule kwa sababu kila siku lazima wakatembeze mboga kabla hazijaoza. Akachukua chungu kikubwa, akaweka kidogo ndani yake, katikati akajaza mchanga, akaulowesha maji, juu akafunika kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia ukuta wa nje yanachukua joto la ndani. Bilinganya zilizokuwa zinakaa siku 3 zikakaa 27, na mchicha wa kwao uliokuwa unaharibika kwa siku moja ukafika siku 12. Mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex, dunia ikamjua.

Hapo kuna jambo la kujadili. Kila bibi wa pwani mwenye mtungi wa maji ya kunywa pembeni ya mlango alikuwa na teknolojia hiyo hiyo nyumbani. Mtungi unatoa jasho, maji ndani yanakuwa baridi. Bah Abba hakuwa wa kwanza kujua udongo unapoza, alichofanya ni kuchukua kitu cha bibi na kukipigia kampeni kwa ajili ya mboga. Kwenye sehemu nyingi za Afrika Mashariki wataalamu wa kilimo nao walikuwa wanafundisha ndugu yake, kabati la mkaa: fremu ya mbao, wavu mara mbili, katikati mkaa unaodondoshewa maji. Kazi ni ileile.

Ila chungu kina masharti. Kinahitaji hewa kavu. Dar, Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe imelowa, maji hayakauki vizuri na baridi haiji ya maana. Ufipa kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua hakuna, upepo wa uwanda unakausha hata midomo, na kufikia Septemba jua la mchana limeshakuwa kali. Hiyo ni nchi ya chungu. Mtoto wa Izia asiye na friji, vyungu viwili na ndoo ya mchanga vinamtosha mwezi wa tisa na wa kumi, wakati ule bustani za mabondeni ndizo pekee zenye kijani.

FRIJI IKAJA, MATATIZO MAPYA

Rukwa kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia na kwenye majenereta ya mafuta, ukikatika umekatika. Friji ilikuwa ya mwenye duka la soda na ya mwenye bucha. Ilipoanza kuingia majumbani, watu waliichukulia kama kabati la miujiza: chochote kikiingia humo kimeokoka.

Sio kwa majani. Hewa ya friji ni kavu sana. Fungu la chainizi likiachwa wazi kwenye rafu linakauka kama karatasi kwa siku mbili. Ndio sababu waliotengeneza friji wakaweka ile droo ya chini, inayozuia unyevu usitoroke, na ndiyo hiyo ambayo nyumba nyingi za kibongo zinahifadhia soda na dawa za sindano za kuku. Majani yanataka vitu viwili vinavyoonekana kupingana: baridi ya karibu nyuzi 0 mpaka 4, na unyevu mwingi hewani, lakini yenyewe yasiwe yameloa matone. Matone juu ya jani ni kitanda cha bakteria. Kwa hiyo njia inayofanya kazi ni kuosha na kukung'uta vizuri mpaka maji yaishe, au kutoosha kabisa mpaka saa ya kulisha. Kisha kufunga kwa kitambaa safi kilicho kikavu au chenye unyevu kwa mbali, kuweka kwenye chombo kisichobana, na kuingiza droo ya chini. Kila siku mbili unafungua, unatoa jani lolote lililokuwa njano au lenye utelezi, maana moja likioza linaambukiza jirani.

Hapa kuna kisa kingine. Karne ya 19 miji ya Ulaya iliwasha taa za barabarani za gesi, na miti iliyokuwa karibu na mabomba yanayovuja ikawa inapukutisha majani bila msimu. Mwaka 1901 mwanafunzi mmoja huko Saint Petersburg akaonyesha mkosaji ni gesi ya ethilini. Mwaka 1934 Mwingereza mmoja akathibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitengeneza gesi hiyo yanapoiva. Maana yake jikoni ni nyepesi: ndizi mbivu, parachichi na nyanya zikikaa kabati moja na mboga za majani, zinazizeesha. Sumbawanga msimu wa parachichi kila mtu anazirundika chini ya friji, juu kuna mchicha wa sungura, kesho umekuwa njano, lawama kwa muuza mboga.

Kwa wanaopenda mambo ya mbele, ile saladi ya duara ya kizungu inayoitwa Iceberg, watu husema imepata jina kwa sababu ilisafirishwa kwenye treni za barafu Marekani. Si kweli, jina lilikuwemo kwenye katalogi ya mbegu ya Burpee mwaka 1894. Na kwa sungura ni maji matupu yaliyovaa kijani. Muachie mwenye baga.

WAZEE WA "NYAUSHA KWANZA"

Wafugaji wengi wa zamani wana sheria moja: usimpe sungura jani bichi, linyaushe kwanza. Vijana wa mitandaoni wanaicheka, wanasema nyaraka za Ulaya zinaruhusu majani freshi kila siku. Ukweli uko katikati, na wazee wamekaribia zaidi kuliko wanavyopewa. Jani freshi, safi, kwa kiasi anachokizoea, halimuui sungura hata likiwa na maji. Kinachoua ni lililopata moto. Mzee aliyetandaza majani kivulini juu ya mkeka mpaka jioni, hata kama maelezo yake yalikuwa mabovu, alikuwa anahakikisha hakuna lundo, hakuna joto, hakuna kuchacha. Aliyeiga maneno yake akaacha majani "yanyauke" ndani ya kiroba, huyo ndiye aliyezika.

Na jani lililolegea tu, ambalo bado ni kijani na halinuki, linafufuka. Kata ncha ya shina, lichovye kwenye beseni la maji ya baridi nusu saa, litasimama. Maji ya bomba ya Izia asubuhi ya Juni yana baridi ya kutosha kabisa. Lililogeuka njano au kutoa utelezi halifufuki, hilo liende kwenye mbolea.

Wazee walijua pia kwamba majani mabichi ni kitoweo tu. Chakula chenyewe cha sungura ni nyasi kavu, zinazosaga meno yake yasiyoacha kukua na kusukuma tumbo. Na nyasi kavu ndiyo njia kongwe kuliko zote za kutunza jani: unaliondolea maji mpaka yabaki chini ya asilimia 15, upumuaji unakoma, kuvu hawawezi kuota. Ufipa nzima ni ghala la nyasi. Zinatakiwa zikatwe mwezi wa nne au wa tano, zikiwa bado na kijani kabla hazijawa vijiti na kabla moto wa kiangazi haujapita, zikaushwe kwa kutandazwa na kugeuzwa, zitundikwe pakavu. Viroba vitatu vinne vya nyasi hizo, na mdomo ukiachwa wazi, vinamvusha sungura mmoja muda mrefu tu. Wanaofanya hivyo ni wachache. Nyasi zinachomwa, halafu Oktoba watu wanagombania kabichi.

Saa kumi na mbili jioni gengeni. Mama anakunja turubai, mtoto kasimama pembeni na kitu kimekunjwa kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata ya sungura?"

"Ndiyo mama. Yule wa kwanza alikufa, nimepewa mwingine."

Mama anainua gunia bichi, anachambua. Yaliyo njano anatupa kando. Ya nyanya na viazi mviringo anayaondoa bila kuulizwa, ya parachichi pia, hayo ni sumu kwa mnyama huyo. Anabakiza matembele, figiri kidogo, majani ya karoti yaliyokatwa na mteja wa mchana.

"Leta mfuko."

Mtoto anatoa kile cha kwapani. Ni kipande cha gunia la katani, kimeoshwa. Anakitandaza chini, wanapanga majani mmojammoja, wanakunja bila kukaza, na anaondoka nacho kwenye mikono miwili kama aliyebeba mtoto mchanga, upepo wa Ufipa unapita katikati.